Mwalimu Julius Kambarage Nyerere: Mshahara, Kazi Aliyoipenda na Wito

Katika kurasa zilizotangulia tumesoma habari za wainjilisti, wazee wa kanisa na akina mama walioifanya kazi ya Bwana hapa Kinole katika miaka hii 100. Kamati ya kitabu hiki iliniomba niongeze maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututoka, ambaye vijana wa usharika wetu wanaweza kujifunza jambo kwake. Nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Yeye hakuwa Mlutheri. Alikuwa Mkatoliki aliyeishika imani yake mpaka mwisho, na kazi yake kubwa aliifanya bega kwa bega na Waislamu na Wakristo wa madhehebu yote. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanalijibu swali ambalo limekuwa likiletwa kwangu kila mwaka, mara na vijana, mara na wazazi wao.

Swali hilo linajulikana katika nyumba nyingi za milima yetu ya Uluguru. Mzazi amebeba mananasi na ndizi kichwani, ameuza karafuu, mdalasini na pilipili manga, hata mtoto akamaliza shule. Sasa mtoto anasema moyo wake umeelekea ualimu, au uuguzi, au muziki, au useremala. Mzazi anauliza kazi hiyo inalipa nini. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mtoto humwona mzazi wake kuwa ametawaliwa na fedha, na mzazi humwona mtoto wake kuwa hana shukrani. Kwa kweli kila mmoja wao ana haki kwa sehemu yake.

Mara nyingi katika ugomvi huo hutajwa jina la Mwalimu Nyerere. Husemwa kwamba yeye aliacha mshahara akafuata alichokipenda. Maneno hayo ni kweli nusu tu. Kazi aliyoipenda Nyerere ilikuwa ualimu, na ualimu ndio uliokuwa ukimlipa mshahara. Mwaka 1955 aliviacha vyote viwili kwa siku moja. Ni vema basi tuyatazame maisha yake hatua kwa hatua, tuone alichagua nini, lini, na ni nani waliolipa gharama ya uchaguzi huo.

Utoto na masomo

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Ingawa alikuwa mwana wa mtemi, mtoto huyu alikua kama watoto wengine wa kijijini, akichunga mifugo na kulima pamoja na mama yake. Hakuanza shule mpaka mwaka 1934, alipokuwa na umri wa miaka 12, ndipo alipopelekwa Mwisenge, Musoma, mbali na nyumbani. Akili yake ilionekana mapema. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, ambako wavulana waliandaliwa kuwa watumishi wa utawala wa wakati ule.

Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Kambarage alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, akasomea ualimu. Mwezi Desemba 1943 alibatizwa, akapewa jina la Julius. Alipomaliza masomo yake mwaka 1945, Watanganyika wenye elimu ya Makerere walikuwa wachache sana. Kijana wa namna hiyo aliweza kutazamia cheo, nyumba na pensheni, na ndugu zake wote waliweza kumtazamia yeye.

Uchaguzi wa kwanza, Tabora

Kijana huyo aliporudi kutoka Makerere, alikuwa na nafasi mbili za kufundisha, zote katika mji wa Tabora. Moja ilikuwa katika shule ya serikali, ile ile aliyosoma. Nyingine ilikuwa katika shule ya Mtakatifu Maria, iliyokuwa ya Mapadre Weupe. Upande wa serikali ulikuwa na masharti bora zaidi, na alikumbushwa kwamba miaka ambayo angefundisha katika shule ya misheni isingehesabiwa katika pensheni. Nyerere alichagua shule ya misheni.

Alifundisha hapo tangu mwaka 1946 hata 1949, masomo ya biolojia na historia yakiwa miongoni mwa aliyoyafundisha. Katika miaka hiyo ualimu ulimwingia damuni. Nao mapadre waliokuwa naye waliiona karama yake. Padre Richard Walsh, aliyekuwa mkuu wa shule, alimhimiza na kumsaidia apate ufadhili wa kusoma ng'ambo. Mwaka 1949 Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti, akarudi mwaka 1952 na shahada, akiwa mmoja wa Watanganyika wa kwanza kupata elimu ya kiwango hicho nje ya nchi.

Uchaguzi huu wa Tabora ndio unaofanana na ule ambao vijana wetu huuota. Mbele yake palikuwa na malipo makubwa zaidi upande mmoja, na upande wa pili palikuwa na mahali alipoona moyo wake unatulia. Lakini tusisahau kwamba wakati ule alikuwa kijana asiye na mke wala mtoto. Kama angepungukiwa, sehemu kubwa ya upungufu huo ingemwangukia yeye mwenyewe. Uchaguzi wa pili haukuwa hivyo.

Uchaguzi wa pili, Pugu

Tarehe 24 Januari 1953 Julius Nyerere alifunga ndoa na Maria Gabriel, ambaye naye alikuwa amesomea ualimu. Wakahamia Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, ambako Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko. Walikuwa na nyumba, walikuwa na mshahara wa uhakika, na muda si muda wakaanza kupata watoto. Mwalimu mwenye shahada wakati ule alikuwa mtu wa kuheshimiwa mahali popote alipopita.

Mwezi Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, kilichojulikana kwa kifupi kama TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU. Katika orodha ya waasisi 17 wa TANU limo pia jina la mwana wa milima yetu, Patrick Kunambi, Mluguru aliyesoma Makerere. Kazi ya chama ilifanywa jioni na mwisho wa juma. Mara nyingi Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Pugu mpaka mjini, mwendo wa kilomita 20 hivi, akahudhuria mikutano, kisha akarudi kuwahi wanafunzi wake.

Mwezi Machi 1955 alisafiri mpaka New York, akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kwa niaba ya watu wa Tanganyika. Aliporudi alitakiwa kuchagua. Serikali ya kikoloni haikupendezwa na mwalimu anayeongoza chama cha siasa, na shule za misheni zilitegemea msaada wa serikali hiyo. Ilimpasa ama abaki darasani na kuacha siasa, ama aendelee na siasa na kuacha darasa. Mwezi huo huo wa Machi Nyerere alijiuzulu.

Hapa ndipo ninapowaomba vijana wasimame kidogo. Kama swali la kazi lingekuwa tu kuchagua kati ya kinachopendwa na kinacholipa, basi Nyerere asingekuwa na sababu ya kuondoka Pugu. Alikuwa amevipata vyote viwili mahali pamoja. Alifanya kazi aliyoipenda, tena akalipwa kwayo. Chama hakikuwa na fedha za kumlipa, kwa maana kiliishi kwa ada za wanachama maskini. Hata tabia yake ilielekea zaidi vitabu na darasa. Baadaye mwenyewe alikuwa akieleza kwamba ualimu aliuchagua, ila siasa ilimpata tu. Alitoka kwa sababu aliona pana hitaji ambalo watu waliomchagua walimtazamia yeye alibebe, na kwamba wanafunzi wa Pugu wangepata mwalimu mwingine.

Hali ya Uluguru mwaka ule

Ili tufahamu hitaji hilo lilikuwa la namna gani, hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wetu walisimuliwa na wazazi wao habari za matuta. Tangu mwanzo wa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya milima, ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia ya kuuhifadhi udongo haikuwa mbaya, kwa kuwa mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini watu hawakushauriwa. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi matuta yalifunua udongo wa chini usio na rutuba, hata mavuno yakapungua badala ya kuongezeka. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka upande huu wa mashariki wa Uluguru. Polisi walitumia silaha, mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ule uliachwa.

Katika mwezi huo wa Julai Nyerere hakuwa na mshahara tena. Alikuwa amerudi kwao katika nchi ya Musoma. Yaliyotukia katika milima yetu yalitukia mahali pengi nchini kwa sura mbalimbali, kwa kuwa maamuzi juu ya ardhi na jasho la watu yalifanywa katika mabaraza ambamo wenye ardhi na jasho hawakuwa na sauti ya kutosha. Darasa la Pugu, hata lingefundishwa vizuri namna gani, lisingeweza kuliondoa jambo hilo.

Mkate wa kila siku

Mtu aliyeitwa naye hula. Hilo Nyerere alilijua, na katika miezi ile aliyokaa Musoma alifanya kazi ya malipo. Aliwafundisha wamisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki, akawasaidia kutafsiri maandiko ya kanisa katika lugha hiyo. Ilikuwa kazi ya muda, lakini ilitumia karama yake ya lugha na kuweka chakula mezani. Mtume Paulo naye alishona mahema, wala hatusomi mahali popote kwamba kazi hiyo iliipunguza Injili aliyoihubiri.

Mwezi Oktoba 1955 alirudi Dar es Salaam kuifanya kazi ya chama kwa wakati wake wote. Alipokelewa na kusaidiwa kwa hali na mali na wenzake, miongoni mwao Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na John Rupia. Hawa walikuwa watu wenye uwezo kuliko wengine wa siku zile. Rupia alikuwa mfanyabiashara. Fedha zao zililipia mambo ambayo chama hakikuweza kuyalipia. Naomba jambo hili lisipitwe haraka, kwa sababu katika mahubiri yetu mara nyingi tunamsifu yule aliyeacha mshahara, tukamsahau yule ambaye mshahara au biashara yake ndiyo iliyomwezesha mwenzake kuuacha. Laiti wote wangefuata njia ya Nyerere, pasingekuwa na mtu wa kumsaidia Nyerere. Kijana anayechagua kazi yenye kipato kizuri, akakitumia kipato hicho kwa ajili ya wengine, naye ameitwa.

Wa pili wa kukumbukwa ni Mama Maria. Yeye naye alikuwa mwalimu, na mume wake alipojiuzulu, nyumba yake ndiyo iliyopoteza mshahara. Alifanya biashara ndogo ya duka ili familia ipate riziki, akalea watoto wakati baba yao akizunguka nchi nzima kwa mikutano. Historia imeandika jina la Nyerere chini ya barua ya kujiuzulu, lakini gharama ya barua ile ililipwa na watu wawili.

Kutoka chama hadi Ikulu

Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba Nyerere hakukitafuta cheo kwa ajili ya malipo. Mwaka 1957 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini mwezi Desemba mwaka huo huo alijiuzulu kwa kuwa serikali ilikataa madai ya msingi ya chama chake. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kosa la kashfa dhidi ya maofisa wa serikali, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, naye akawa Waziri Mkuu wake. Hata mwezi mmoja na nusu haukutimia, akauacha uwaziri mkuu mwezi Januari 1962, akamwachia Rashidi Kawawa, ili yeye arudi kukijenga chama vijijini. Mwezi Desemba 1962 aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri.

Tukio la mwaka 1966 ndilo linalogusa zaidi swali letu. Serikali iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Baada ya miezi michache ya kambini, wangefanya kazi zao kwa miezi 18 wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga mpango huo, wakaenda mpaka Ikulu. Rais aliwasikiliza, akakasirika, akaamuru karibu wanafunzi 400 warudishwe makwao. Lakini hakuishia hapo. Papo hapo aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wa juu ikapunguzwa pia. Alikuwa ameona kwamba madai ya wale vijana yalikuwa na ukweli ndani yake, kwa maana mshahara mnono ulikuwa umekwisha kuwa ndoto ya msomi kwa sababu viongozi wenyewe waliupokea. Mwaka uliofuata wengi wa wanafunzi hao walirudishwa masomoni.

Mwezi Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Mwezi Machi mwaka huo alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba shule zetu zilikuwa zikiwaandaa watoto wachache kwa ajili ya sekondari na ajira, huku wengi waliobaki wakijiona wameshindwa, ingawa wengi hao ndio wangeishi vijijini na kuilisha nchi. Kwa watu wa Kinole, ambao wengi wao wanaishi kwa jembe, neno hilo halijachakaa.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Mtu huyu aliyejichagulia njia yake mwenyewe hakuwaachia wengine nafasi hiyo sikuzote. Katika miaka ya 1973 hadi 1976, watu wengi sana nchini walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na mahali pengine walihamishwa kwa nguvu. Walioachishwa mashamba na miti ya matunda waliyoipanda hawakuulizwa moyo wao unataka nini. Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kwamba katika uongozi wake palifanyika makosa. Twamheshimu bila kumfanya kuwa malaika. Nasi tunaowashauri vijana yatupasa tukumbuke kwamba wito wa mtu mmoja hauwezi kuamriwa na mtu mwingine.

Ualimu uliomfuata

Tulisema kwamba mwaka 1955 aliiacha kazi aliyoipenda. La kushangaza ni kwamba kazi hiyo haikumwacha. Watu wa nchi hii walimwita Mwalimu kuliko walivyomwita Rais. Akiwa Waziri Mkuu na Rais, na mizigo yote ya dola mabegani, alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwaka 1970 uliwekwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wazee wengi nchini, hata katika vijiji vya milimani, walijifunza kusoma na kuandika. Mwaka 1977 elimu ya msingi ilifanywa kuwa ya wote. Darasa alilolifunga Pugu alikuwa amelifungua mahali pengine.

Mwaka 1985 aliondoka madarakani kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Katika uzee wake aliziweka Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, na kazi hiyo ilichapwa mwaka 1996. Kazi hiyo haikumletea utajiri. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani kwao Butiama.

Mafunzo kwa usharika wetu

Sisi Walutheri tunayo habari nyingine inayofanana na hii. Hans Luther, aliyefanya kazi ya madini ya shaba, alimsomesha mwanawe Martin ili awe mwanasheria, kwa kuwa sheria ilileta heshima na fedha. Mwaka 1505 kijana huyo aliacha sheria akaingia utawa, na baba yake alikasirika sana. Baadaye Luther alifundisha kwamba wito haukai katika utawa peke yake. Fundi viatu, mkulima, mama anayelea na mtumishi wa nyumbani, kila mmoja humtumikia Mungu katika kazi yake anapomtumikia jirani kwa uaminifu. Kipimo cha kazi, kwa mafundisho hayo, ni jirani.

Niseme na la kwangu. Miaka mingi iliyopita nililetewa binti aliyependa sana kuwa mwalimu. Alikuwa amepata nafasi ya chuo, lakini wazazi wake walikuwa na deni, nao walitaka aende mjini akafanye kazi ya duka. Nilikuwa mchungaji kijana, niliyetoka chuoni na majibu yote mkononi. Niliwaambia wazazi kwamba wito unapita mkate, nikawaombea, nikaondoka. Binti alikwenda chuo, naye alikuja kuwa mwalimu mzuri. Lakini mdogo wake aliacha shule kwa kukosa ada, wala mimi sikurudi katika nyumba ile kuuliza wanakula nini. Kosa hilo ni langu. Nilihubiri habari za gharama, nikawaachia wengine kuilipa.

Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba aketi kwanza na kuhesabu gharama. Tangu siku zile, kijana anapoletwa kwangu, simwulizi tena kama anataka raha ya moyo au fedha. Namwuliza mambo matatu. Kazi hiyo itamfaa nani? Karama aliyonayo imeonwa na wengine, au anaiona yeye peke yake? Na ni nani watakaolipa gharama pamoja naye, nao wamekubali? Nyerere alipoondoka Pugu aliweza kuyajibu yote matatu. Hitaji lilikuwepo, wenzake walikuwa wamemchagua, na mkewe pamoja na rafiki zake walikubali kubeba.

Kwa wazazi nasema, msiharakishe kuwadharau watoto wenu wanaotaka kazi zenye kipato kidogo, wala msione aibu kuuliza kuhusu kipato. Deni ni deni, na ada ya mdogo wake ni jambo la kweli. Kwa vijana nasema, wanaowategemea ni sehemu ya wito wenu. Na kwa usharika wote, tunapoingia katika miaka 100 ya pili, naomba tusimwache tena mzazi mmoja na mtoto wake walimalize swali hili peke yao ndani ya nyumba. Tukiona karama kwa mtoto wa jirani, na tuchange. Mwenye mdalasini alete, na mwenye mshahara mjini atume. Nyumba ile ya binti ingehitaji ada ya mtoto mmoja tu, na Jumapili ile katika ibada tulikuwa watu wengi.